Jiko la gesi likiwa na hitilafu: lipi ni hatari sasa hivi, na lipi linaweza kuwa hatari?

Nchini Uingereza, fundi wa gesi akikuta jiko au hita isiyo salama nyumbani kwa mtu, haondoki kimya kimya. Huamua hitilafu iko daraja gani, hufunga lebo ya onyo kwenye kifaa, na humwachia mwenye nyumba maelezo ya maandishi. Fundi huyo lazima awe amesajiliwa katika orodha iitwayo Gas Safe Register, iliyoanza kazi Aprili 2009.

Madaraja mawili

Daraja la kwanza ni hatari ya papo hapo. Hapa kifaa kikiendelea kutumika, maisha ya watu yako hatarini. Mfano ni gesi inayovuja, au moshi wa hita unaorudi chumbani badala ya kutoka nje. Fundi huomba ruhusa ya mwenye nyumba kukitenganisha kifaa na bomba la gesi. Mwenye nyumba akikataa, fundi hutoa taarifa kwa kikosi cha dharura cha gesi, ambacho kina mamlaka ya kisheria ya kukata gesi.

Daraja la pili ni kifaa chenye kasoro ambayo bado haijaleta hatari, lakini inaweza kuileta. Fundi huomba ruhusa akizime, na kisitumike mpaka kitengenezwe.

Kwa nini lebo?

Fundi akishaondoka, anaweza kuja mgeni au mtoto asiyejua kilichotokea, akawasha. Lebo humwonya huyo ambaye hakuwepo. Kanuni za gesi za nchini humo za mwaka 1998 zinakataza mtu kutumia kifaa anachojua si salama, au kumruhusu mwingine akitumie.

Kwa sisi tunaotumia mitungi

Nyumba nyingi za Uingereza hupata gesi kwa bomba, na gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini sakafuni. Hata hivyo, madaraja yale mawili yanatufaa.

Ni hatari sasa hivi ukiona haya:
- Harufu ya gesi, jiko likiwa limezimwa.
- Mapovu yanayotokea ukipaka maji ya sabuni kwenye mpira au kwenye regulata.
- Watu kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu jiko linapowaka. Huenda ni sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti na usiguse swichi ya umeme, hata ya kuzima taa. Funga valvu ya mtungi kama unaifikia bila hatari, fungua milango na madirisha, toa watu wote nje. Simu ipige ukiwa mbali na nyumba. Aliyezidiwa na kizunguzungu apelekwe kwenye hewa safi, kisha hospitali.

Inaweza kuwa hatari ukiona haya:
- Mpira ulioanza kupasuka au kuwa mgumu, hata kama hauvuji.
- Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria. Moto mzuri ni wa buluu.
- Regulata inayochezacheza.

Hapa pia funga mtungi na usipikie mpaka fundi atengeneze. Mpira mbovu haufungwi kwa utepe wala kamba, hubadilishwa.

Kisha weka lebo yako. Chukua kipande cha karatasi ngumu, andika kwa herufi kubwa: USIWASHE. Chini yake andika tatizo na tarehe, ukifunge kwenye valvu ya mtungi. Waambie wote nyumbani, pamoja na watoto wasiojua kusoma. Kisitolewe mpaka fundi amalize kazi na jiko lipimwe tena kwa maji ya sabuni.