Kabla ya otopailoti kulikuwa na mbao na kamba

Wasee, kuna dharau moja tumeizoea. Kitu kikitengenezwa nyumbani tunasema "hiyo ni ya jua kali" na tunacheka. Cha dukani ndicho tunaita original. Leo hebu twende baharini kidogo, kwa mashua za matanga, kwa sababu huko hii dharau ilishapimwa. Na waliopimwa walikuwa peke yao, maelfu ya kilomita kutoka kwa fundi yeyote.

Shida yao ilikuwa hii. Nyuma ya mashua kuna nafasi ndogo ambapo nahodha anakaa ameshika kana, yaani ule mkono wa usukani. Ukiachilia kana, mashua inageuka inakotaka. Sasa kama uko peke yako, utalala saa ngapi?

Mwaka wa 1960 wanaume watano walishindana kuvuka Atlantiki, kutoka Plymouth, Uingereza, hadi New York, kila mtu na mashua yake, peke yake. Francis Chichester alikuwa na miaka 58. Alijitengenezea kifaa cha kushika kana na akakipa jina Miranda, kama binadamu. Kilikuwa nini? Mlingoti mdogo nyuma ya mashua, tanga dogo juu yake, na kamba za kuvuta kana. Mashua ikiacha njia, upepo unalipiga lile tanga kutoka upande tofauti, linazunguka, kamba zinavuta, mashua inarudi. Hakuna betri. Chichester alifika wa kwanza, siku 40.

Wa pili, siku 48, alikuwa Blondie Hasler, mwanajeshi mstaafu ambaye hata wazo la mashindano lilikuwa lake. Huyu aliendelea kuchezea hiyo shida hadi akapata jibu safi zaidi: kibao chepesi juu kinasikia upepo, kinageuza ubao uliozama majini, maji yanayopita yanausukuma huo ubao kando, na ubao ndio unavuta kamba za kana. Upepo unatoa amri, maji yanatoa nguvu. Vifaa vingi vya aina hiyo vinavyouzwa leo kwa bei ya kuumiza vinafuata kanuni hiyo hiyo. Kwa hivyo hiyo original yako ilianza kama kazi ya mtu aliyechoka kushika kana.

Lakini hapo sijafika pointi yangu. Pointi iko pale kitu kinapovunjika.

Mwaka wa 1966 Chichester alitoka tena, sasa kuzunguka dunia akiwa na Gipsy Moth IV. Kifaa cha kujiendesha kikavunjika akiwa bado na zaidi ya kilomita 4,000 kufika Sydney. Angefanya nini, apigie nani simu? Alichukua tanga dogo, akaliunganisha na kana kwa kamba, akarekebisha mpaka mashua ikakubali kushika njia. Akafika Sydney. Miaka miwili baadaye Robin Knox-Johnston alikuwa kwa Suhaili, mashua ya mbao iliyojengwa Bombay, ambayo aliwahi kuipitisha kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki akielekea Afrika Kusini. Kifaa chake kikafa karibu na Australia. Alisawazisha matanga, akafunga usukani, mashua ikaenda. Kati ya watu tisa walioanza yale mashindano, yeye pekee alimaliza, Aprili 1969, baada ya siku 312.

Sisemi kujitengenezea ni uchawi. Kwenye mashindano hayo hayo alikuwepo Donald Crowhurst, mtu mwerevu wa elektroniki. Alijaza mashua yake ahadi za uvumbuzi, lakini alitoka Oktoba 31, 1968, siku ya mwisho iliyoruhusiwa, kazi haijaisha. Kulikuwa na nyaya zilizoelekea mahali ambapo kompyuta yake ilipaswa kuwa, na hapakuwa na kompyuta. Alianza kutuma taarifa za uongo kuhusu alipo. Julai 1969 mashua yake ilipatikana ikielea bila mtu.

Kwa hivyo swali halikuwa kama kitu ni cha nyumbani ama cha dukani. Swali lilikuwa: unakijua? Umekijaribu? Kikikatika usiku unaweza kukirudisha?

Na hapo ndipo fundi wa Gikomba anatushinda wengi wetu. Anajua kila ribiti iliyo kwa kazi yake, kwa sababu aliigonga mwenyewe. Sisi tunabeba vitu vya bei, vikizima tunabaki kuviangalia tu.

Sikuambii usinunue. Nunua. Lakini kabla ulipe, uliza kama hicho kitu kinafunguka, na kama wewe utajua kukifungua.