Mfalme Aliyekopesha Nafaka

Mwaka 194, baridi kali iliua mazao katika ufalme wa Goguryeo, uliokuwa sehemu za Korea Kaskazini na China ya leo. Miezi mitatu baadaye, mfalme Gogukcheon akiwa mawindoni, akamkuta mwanamume ameketi njiani analia. Kulikoni? Yule bwana akasema yeye ni mtu wa vibarua, siku zote amemlisha mamake kwa jasho lake. Lakini mwaka huo hakuna aliyevuna, kwa hivyo hakuna wa kumpa kazi hata ya siku moja.

Hapo ndipo hadithi ilinishika. Huyu hakuwa mvivu. Mikono alikuwa nayo, kazi ndiyo ilikosekana.

Mfalme akampa nguo na chakula. Angeishia hapo, asifiwe, aendelee kuwinda. Badala yake aliweka sheria, jindaebeop: kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu hadi wa saba kwa kalenda yao, maghala ya serikali yakopeshe watu nafaka, kila nyumba kulingana na idadi ya watu wake. Mwezi wa kumi, baada ya mavuno, warudishe.

Nimewahi kukopa nikiwa nimekwama kabisa, kwa hivyo hiyo ratiba naielewa. Deni lilingoja mtu avune kwanza.

Lakini tusimfanye malaika. Mwaka 190, jamaa za malkia, waliozoea kunyang'anya watu mashamba na hata watoto, walimwasi. Alipowashinda, akamchukua mkulima aitwaye Eul Pa-so akamfanya waziri mkuu. Wakubwa wakanuna. Mfalme akatishia kuangamiza ukoo mzima wa yeyote atakayemkaidi.

Sasa piga hesabu. Mkulima mwenye njaa akikopa kwa mdosi kisha ashindwe kulipa, anaishia kuwa mtumwa wake. Mtumwa wa mdosi halipi kodi kwa mfalme. Kila gunia lililotoka ghala la serikali lilimwokoa mkulima, na pia lilimbakisha upande wa mfalme. Huruma na siasa zilikula sahani moja.

Haya yote yamo katika Samguk sagi, kitabu kilichokamilishwa mwaka 1145 chini ya Kim Bu-sik, miaka 950 hivi baadaye. Mfalme ana jina humo, na waziri wake pia. Yule aliyekuwa analia njiani hana. Mimi humkumbuka yeye kwanza.