Mji wa Wasio na Kwao

Hakuna mtu mzima wa wilaya ya Ngara, kuanzia Murusagamba karibu na mpaka wa Burundi hadi Rusumo kwenye mpaka wa Rwanda, asiyejua kwamba mji unaweza kuota ndani ya siku moja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Kilima kilichokuwa na majani na mbuzi kikageuka Benaco, kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati ule, ikiitwa kwa jina la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Watu walipangwa kwa wilaya walizotoka, jirani akakaa na jirani wake wa nyumbani. Desemba 1996 wakarudi kwao, na ile kambi ikafutika. Jina ndilo lililobaki, na malori yanayopumzika njiani.

Benaco ilifutika kwa sababu wakazi wake walikuwa na kwao. Pwani ya Afrika Mashariki kuna miji iliyopangwa na wageni kwa ajili ya wageni, ambayo haikufutika, na sababu ni kinyume cha ile: wakazi wake hawakuwa na pa kurudi. Walikuwa watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wakabatizwa, wakawekwa kuwa Wakristo wachache katikati ya pwani ya Waislamu. Mji mashuhuri kuliko yote ni Freretown, ng'ambo ya bandari ya kale ya Mombasa, upande wa Kisauni.

Kielelezo chake kilikuwa Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapo kutoka Unguja mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, wakakomboa watoto sokoni na kuwalea. Watoto walipokua walioana, na kila jozi ikapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji kilichopangwa kwa mistari. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha karibu kila kitu, wakajenga upya. Mapema mwaka 1873 akapita mgeni mwenye cheo, Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, akiwa ametumwa na serikali ya Uingereza kumbana Sultani Barghash aache biashara ya watumwa. Alichokiona Bagamoyo kilimvutia sana. Mkataba ulitiwa saini Unguja tarehe 5 Juni mwaka huohuo, soko la watumwa likafungwa, na Frere akaishauri jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, CMS, ianzishe makazi ya namna hiyo karibu na Mombasa.

Ushauri huo ulitokana na tatizo la wazi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, lakini watu waliomo ndani wapelekwe wapi? Kuwashusha pwani ileile kulikuwa ni kuwarudisha mikononi mwa wanunuzi. Kwa hiyo wengi, hasa watoto, walikuwa wamepelekwa Bombay. Huko, karibu na mji wa Nasik, CMS ilikuwa na kituo kilichoitwa Sharanpur. Mtoto wa Kiyao au wa Kinyasa alijikuta akisoma Kiingereza katikati ya India, akifundishwa useremala na uhunzi, na kupewa jina la Jacob, Matthew au William.

Hao ndio waliokuja kuitwa Waafrika wa Bombay, na bila wao Freretown isingekuwapo. Baadhi walitangulia: William Jones, Ishmael Semler na George David walitumwa Rabai, kituo cha CMS karibu na Mombasa, mwaka 1864, kumsaidia mmisionari mzee Johannes Rebmann, ambaye miaka ya upweke ilikuwa imemchosha. Wengine walipita njia ndefu zaidi. Jacob Wainwright na Matthew Wellington walikuwa katika msafara wa vijana wa Nasik waliopelekwa kwa David Livingstone bara. Livingstone alipofariki Mei 1873, Wainwright ndiye aliyechonga maandishi juu ya mti wa kaburi la moyo wake, na wote wawili walikuwa miongoni mwa waliobeba mwili hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Wainwright alikwenda nao hadi London, akashika jeneza siku ya maziko. Baadaye akafundisha Freretown.

Mchungaji William Salter Price, aliyekuwa ameisimamia Sharanpur kwa miaka mingi, alifika Mombasa Novemba 1874. Mwaka uliofuata ardhi ikanunuliwa Kisauni, na Septemba 1875 manowari ikashusha kundi kubwa la kwanza: zaidi ya watu mia mbili kwa mara moja, wengi wao wagonjwa na wembamba kama fito, wasioelewana kwa lugha. Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazigua. Wote waliitwa mateka.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya maneno, maana pwani ya wakati ule kila mtu alikuwa na neno lake, na neno lilikuwa ndiyo hadhi yake. Mwungwana ni mtu huru mwenye ukoo unaojulikana. Mtumwa ni mali ya mtu. Mzalia amezaliwa utumwani hapahapa pwani, na kwa hiyo anajua adabu na lugha. Mtoro amemkimbia bwana wake. Mateka alikuwa chini ya wote hao, kwa sababu hata bwana hakuwa naye: hakuwa na mtu wa kumtaja. Methali husema mwacha asili ni mtumwa. Hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa, wengi wakiwa wadogo kiasi cha kutokumbuka jina la kijiji.

Freretown ilichorwa ili kujaza pengo hilo. Palikuwa na njia zilizonyooka, nyumba za makuti zenye ukubwa mmoja, kanisa, shule, karakana, mashamba yaliyogawanywa, na makaburi. Palikuwa pia na gereza, jambo lisilopendeza kulitaja lakini ni sehemu ya ramani. Msimamizi J. R. Streeter alitawala kwa viboko na kufungia watu, hata mwaka 1881 malalamiko yakamfikia balozi wa Uingereza Unguja, uchunguzi ukafanywa, na Streeter akaondoka. Waafrika wa Bombay ndio waliokuwa na sauti zaidi katika malalamiko. Walijua kusoma, walijua mshahara wa fundi ni kiasi gani, na walikataa kufanywa watoto. Mwanahistoria anayesoma habari za Freretown kama hadithi ya wema wa wamisionari peke yake anaukosa ushahidi huu: mji ulipata uhai siku wakazi walipoanza kudai.

Na palikuwa na kengele.

Ilitundikwa katika mnara mfupi wa mawe, pembeni mwa mji. Iliita watu kwenye sala na kazi, lakini watu waliikumbuka zaidi kwa kazi yake ya tatu. Mabwana wa Mombasa waliona wazi kwamba mtumwa akivuka maji tu anaweza kufika kwenye kanisa. Watoro walianza kuingia Freretown, na wengi zaidi Rabai. Mwaka 1880 hasira ilipanda hadi kisiwa kizima kikavuma habari kwamba Freretown itavamiwa na kuchomwa. Kengele ikawa mlinzi. Ikigongwa wakati usio wake, wanawake walishika watoto na wanaume walishika walichokuwa nacho. Kwa mtu aliyewahi kuamshwa na wavamizi kijijini kwao pasipo onyo lolote, sauti ile haikuwa ya kanisa tu. Ilikuwa ahadi kwamba safari hii mtu atapiga kelele kabla mlango haujavunjwa.

Suala la watoro lilikaribia kuleta vita. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipokuja kushika pwani, wakala wake George Mackenzie alikuta mamia kwa mamia ya watoro wamejenga katika vituo vya misheni, na mabwana wakidai mali yao. Akaamua kulipa fidia. Januari 1889, Rabai, hati za uhuru zikagawiwa. Waliokombolewa kwa mpango huo katika vituo vyote walikuwa 1,421. Karatasi yenye jina la mtu, na mtu mwenyewe kaishika mkononi.

Wakati huohuo kusini, Wakristo wa namna hiyo walikuwa wamejaribu jambo jingine kabisa: kurudi. Misheni ya UMCA, nayo ya Kianglikana, ilikuwa na makazi ya watumwa huru Mbweni, nje kidogo ya mji wa Unguja, kwenye shamba lililonunuliwa mwaka 1871. Wengi wa wakazi walitoka nchi za karibu na ziwa Nyasa. Mwishoni mwa 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi na msafara wa waliokombolewa, zaidi ya hamsini, wanaume na wanawake, nia ikiwa kufika Nyasa. Walipofika chini ya majabali ya Masasi, wakaona udongo mzuri na maji, na wakakuta Wayao na Wamakua ambao lugha yao waliielewa. Wakasema hapa panatosha. Nusu ya njia ya kwenda kwao ikawa kwao. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Wamagwangwara, waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka. Watu walionja tena kile walichodhani kimekwisha. Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, akahamia Newala na wengi wao. Hata hivyo Masasi haikufa. Ilijengwa tena, ikawa makao ya dayosisi mwaka 1926, na leo ni mji wenye halmashauri yake.

Freretown haikuwa na njia hiyo ya katikati. Myao wa Kisauni alikuwa mbali mno na Uyao. Ndoa ndizo zilizofanya kazi ambayo ramani haikuweza. Mmakua alimwoa Mnyasa, mtoto wao akaongea Kiswahili, na Kiswahili hicho kikawa lugha ya mama katika kizazi kimoja tu. Jina la ubatizo la baba likawa jina la ukoo. Neno mateka likaanza kufifia, na nafasi yake ikachukuliwa na Wamisheni, neno ambalo majirani walilisema kwa dharau kidogo na wenyewe wakalichukua kwa fahari. Askofu James Hannington alipofika Januari 1885 alikuta jamii inayojijua. Mei mwaka huo aliwapa William Jones na Ishmael Semler ushemasi.

Miezi miwili baadaye Hannington aliondoka Rabai kwenda Buganda, Jones akiwa msaidizi wake mkuu. Njiani askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, mahali panapoitwa sasa Mumias, akaendelea na watu wapatao hamsini. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jones alingoja, akapokea manusura wachache, kisha akageuza msafara. Februari 1886 Rabai iliona mstari wa watu waliochakaa wakija na bendera yenye neno moja, Ikabodi, jina la mtoto wa Kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku ambayo utukufu uliondoka Israeli. Mtoto wa zamani wa jahazi la watumwa alikuwa ameongoza watu zaidi ya mia kwa mamia ya maili, akajua na neno la kuandika juu ya kitambaa.

Watu wa aina hiyo wakatapakaa. Walimu, makarani, mafundi, wakalimani: vituo vingi vya bara vilianza na mtu wa Freretown aliyejua herufi. Shule ya teolojia ya hapo ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Matthew Wellington, mmoja wa wabebaji wa Livingstone, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake kilitoka kitabu kidogo cha Kiswahili, *Uhuru wa Watumwa*, cha James Juma Mbotela. Mwandishi alizaliwa na mmoja wa waliokombolewa, Myao, na akaandika habari alizozisikia kwa wazee wake: kukamatwa, jahazi, manowari, Kisauni. Wasomi wa fasihi wamebishana kuhusu namna kitabu kinavyowasifu Waingereza, na wana haki ya kubisha. Lakini ni moja ya masimulizi marefu ya mwanzo ya nathari ya Kiswahili, na kimeandikwa katika lugha ambayo babu wa mwandishi hakuwa nayo.

Ukoo wa Mbotela uliendelea kusikika. Tom Mbotela alikuwa makamu wa rais wa chama cha siasa cha KAU, akauawa Nairobi Novemba 1952. Freretown yenyewe imemezwa na Mombasa. Mnara wa kengele unahesabiwa kuwa kumbukumbu ya taifa, magari yanapita kando yake mchana kutwa, na makondakta wa matatu huita kituo hicho Kengeleni.

Leonard Mambo Mbotela naye alizaliwa Freretown, mwaka 1940, akawa mtangazaji wa redio ya taifa ya Kenya. Kuanzia 1966 alikuwa na kipindi kilichokemea utovu wa adabu: mtu anayeruka foleni, anayetema mate njiani, anayemsukuma mzee mlangoni mwa basi. Alisikilizwa hadi Tanzania, na alifariki Februari 2025. Kila kipindi alilitaja lile neno la zamani la pwani, neno la hadhi ya mtu huru mwenye ukoo, ambalo mateka wa mwaka 1875 alinyimwa: Je, Huu ni Ungwana?