Nani Amekufa?

Mwaka 1996 nilikwenda kumchukua bibi yangu katika hospitali moja, mbali na kwetu Mwese. Alikuwa amepooza upande mmoja. Nilimkuta amenyolewa kipara. Akanishika mkono, akaniuliza: "Mjukuu wangu, nani amekufa mkanificha?"

Wauguzi walikuwa wachache na maji yalikuwa ya shida. Nywele za mgonjwa wa kitandani hushikamana kwa jasho, zikaota mba na kuingia chawa. Kunyoa kuliwapunguzia kazi. Lakini bibi alikuwa amenyolewa mara moja tu katika utu uzima wake, alipofiwa na babu. Kwake kipara kilikuwa msiba, na hakuna aliyemwuliza.

Bibi alizaliwa Rwanda, ambako mama aliyejaliwa mtoto huvaa kichwani urugore, yaani taji la ubua wa mtama. Alifika katika miaka ya 1960, pamoja na wakimbizi waliopewa ardhi katika nyanda hizi za juu za Mpanda, wengi wao wakitokea Kivu. Shirika la kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964, lilisaidia kuanzisha makazi hayo. Bibi alivuka mipaka miwili akiwa hana kitu, ila kichwa chake alikitunza mwenyewe.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo katika historia ya uuguzi. Florence Nightingale, aliyewauguza askari katika vita vya Crimea, alichapisha kitabu cha uuguzi mwaka 1859, na humo akatenga sura nzima kwa usafi wa mwili wa mgonjwa. Hapa Tanzania, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kugunduliwa Kagera mwaka 1983, wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani. Kazi ya kuwaosha ikawaangukia mama, dada na wajukuu, na majina yao hayamo katika vitabu.

Nami nilifundishwa na jirani, nesi mstaafu. Tulimsogeza bibi hadi ukingoni mwa kitanda, tukaweka khanga iliyokunjwa chini ya mabega, shingo isining'inie. Tulitandika nailoni, tukakunja kingo zake mbili kama mfereji, maji yateremkie ndooni. Pamba masikioni, kitambaa machoni. Mwese kuna baridi, kwa hiyo tulichemsha maji, tukayapoza, tukayapima kwa kiwiko. Nesi aliniambia nisugue kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na nitazame kisogoni, kwa maana hapo nako kidonda cha kulala huanza kimyakimya. Kisha suuza vizuri, kausha upesi, paka mafuta.

"Kwanza mwulize," alisisitiza. "Kichwa ni chake."

Basi kila Jumamosi nilimwuliza, "Bibi, tuoshe leo?" Siku nyingine alikataa, nami niliacha. Siku nyingine alifumba macho akasimulia habari za njiani, za Kivu na za ng'ombe waliowaacha, habari ambazo nikiwa mzima wa afya mbele yake sikuwahi kuziuliza.

Nywele ziliota tena, nyeupe. Alifariki mwaka 1998, zimechanwa vizuri. Siku ile tulionyoa ni sisi.