Karajinani ya mwani

Karajinani ni ute unaopatikana kwa kuchemsha mwani mwekundu. Ukipoa huganda kuwa jeli inayolika, ambayo sehemu yake kubwa ni maji. Watafiti huijaribu kama kiunzi cha kukuzia nyama ya maabara, yaani nyama inayokuzwa kutokana na seli za mnyama, ile iliyoonjwa hadharani London mwaka 2013 na kuruhusiwa kuuzwa Singapore mwaka 2020. Seli za misuli huhitaji mahali pa kujishikiza ili zijipange kuwa nyuzi. Karajinani peke yake haizishiki vizuri, hivyo huchanganywa na protini kama jelatini.

Tanzania ina malighafi ya karajinani, yaani mwani mwekundu, kwa wingi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989, kikaenea Pemba, Tanga, Bagamoyo na Mtwara. Wakulima wengi ni wanawake. Mwani aina ya spinosamu (Eucheuma denticulatum) hutoa jeli laini inayonepa. Aina ya kotonii (Kappaphycus alvarezii) hutoa jeli ngumu na huuzwa kwa bei nzuri zaidi, lakini hufa bahari ikipata joto. Mwani mwingi husafirishwa nje ukiwa umekaushwa tu, bila kusindikwa, na hapo ndipo mkulima anapopunjwa.