Kifundo, si Kiungo cha Kasi Isiyobadilika

Gari likikata kona na kutoa ule mlio wa ka-ka-ka-ka kwenye gurudumu la mbele, fundi wa Tegeta au wa Mbagala, Dar es Salaam, hasubiri kamusi. Atasema sivii jointi imekufa, na mara nyingi hatakuwa amekosea. Shida huanza anapotokea mtu wa kalamu, akaona aibu ya herufi mbili za kigeni, CV (constant velocity), akaleta "kiungo cha kasi isiyobadilika". Silabi 13 kwa kifaa kinachoshikika mkononi! Ningeusamehe urefu kama maneno yenyewe yangekuwa ya kweli. Kasi gani hiyo isiyobadilika? Gari likijinasua kwenye foleni ya makutano ya Morocco na kushika Barabara ya Bagamoyo, kifaa hicho hubadili kasi kila dakika. Kisichobadilika ni ulinganifu: shafti inayotoka kwenye gia boksi na gurudumu linalozungushwa huenda sambamba, hata usukani ukikatwa mpaka mwisho. Mfasiri alilitazama neno la Kiingereza, kifaa hakukitazama.

Angekitazama, angeanzia kwenye jointi ya msalaba, ile ambayo mafundi wa malori huiita kros, na ambayo Ulaya huihusisha na Mwitaliano Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Hooke wa karne ya 17. Jointi hiyo ikikunjwa, upande unaozungusha ukienda mwendo mmoja, upande unaozungushwa huharakisha na kuzubaa mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye pembe ya nyuzi 30 hushuka hadi kama asilimia 87 ya mwendo wa mwenzake na kupanda hadi asilimia 115. Kwa magurudumu ya mbele, yanayovuta gari na kukata kona kwa pamoja, huo ni mtetemo usiovumilika. Katika miaka ya 1920 Alfred Rzeppa alibuni jointi ya gololi 6 za chuma, zinazotembea kwenye mifereji iliyopinda na kushikwa na kizimba, hivi kwamba wakati wote hukaa katikati kabisa ya pembe ya mkunjo. Gari dogo la Mini lililotoka Uingereza mwaka 1959 liliieneza aina hiyo, na leo kila Toyota Vitz na IST inayopita Tandika inazo mbele, kulia na kushoto. Sifa yake, basi, ni kukunjika bila kupotezana hatua.

Kwa sifa hiyo Kiswahili kina neno tangu zamani: kifundo. Fundo ni mahali kamba ilipofungwa au muwa ulipovimba. Lilipewa ki- ya udogo, likapelekwa mwilini, likawa kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, yaani pale mfupa unapokabidhi nguvu kwa mfupa mwingine huku ukigeuka. Kifundo cha mguu hubeba uzito wote wa mtu na bado humruhusu kupinda njia. Kiungo, kinyume chake, kimetoka katika kuunga, na hakisemi lolote kuhusu kukunja: bomba lililochomelewa lina kiungo. Tena neno lenyewe limechoka kwa kazi nyingi. Kiungo ni bizari ya mchuzi, kiungo ni mchezaji wa kati wa Simba au Yanga. Kulitwika na gari ni uonevu.

Najua watakaopinga. Wapo watakaosema kifundo ni neno la mwili, waliachie mwili. Hao watuambie gia zilipata wapi meno na chupa shingo. Wapo wa "kiungo sawia", jina lililo karibu zaidi na ukweli, ila linamwacha msomaji akiuliza, sawia na nini? Na wapo wanaoona sivii jointi inatosha. Gerejini inatosha, sibishani. Lakini mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe anayejifunza kwa Kiswahili hastahili jina ambalo nusu yake, kwa Mtanzania anayetafuta kazi, ni karatasi ya wasifu. Kuhusu wale wa kwenye kamati za istilahi watakaosema mwandishi huyu ana fundo moyoni, nakiri kwamba sarufi yao hapo ni sahihi.

Jina baya hupotosha hata sikio. Anayeambiwa "kasi" ataisikiliza kasi, kumbe ngurumo inayokua na mwendo kwa kawaida ni beringi. Kifundo cha nje, kile cha upande wa gurudumu, hulalamikia pembe: hulia usukani ukikatwa huku mafuta yakikanyagwa, na mara nyingi mkosaji ni wa upande wa nje wa kona. Usukani ukiguna mwisho wa mzunguko, pima mafuta ya pawa stelingi. Gari likigonga kwenye matuta, kagua boljointi, tairodi na bushi. Buti la mpira likichanika, mchanga wa Bunju au Kijichi huingia na grisi hutoka, hivyo libadilishwe mapema. Kifundo kikishaanza kulia, gololi na mifereji vimeshalika, na grisi mpya hairudishi chuma, sharti kibadilishwe. Cha ndani, kile cha upande wa gia boksi, kikichoka hutetemesha gari linapoongezwa mwendo. Nacho ni kifundo, japo ndani yake mara nyingi mna vichwa vitatu badala ya gololi. Mwenye jina bora kwa hicho alilete, mradi lisianze na "kiungo cha".