Kupanda na Kushuka kwa Chama cha Leba cha Hindi Magharibi

Vyama vilivyoungana katika mwaka wa 1956 kuwa Chama cha Leba cha Shirikisho la Hindi Magharibi havikuwa vigeni katika siasa. Vilizaliwa na njaa na migomo. Tangu mwaka wa 1934 mpaka 1938, wakata miwa, wachimba mafuta na makuli wa bandari katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza waliacha kazi na kuandamana, na baadhi yao walipigwa risasi. Katika moshi wa ghasia hizo walitokea viongozi: Norman Manley, wakili wa Jamaica, Grantley Adams, wakili wa Barbados, na wengine katika visiwa vidogo, walioongoza wafanyakazi kabla hawajaongoza wapiga kura. Eric Williams wa Trinidad, mwanahistoria, alikuja nyuma yao. Chama chake, PNM, kilianzishwa Januari 1956, na kabla mwaka haujakwisha kilikuwa kimekwisha shika serikali ya kisiwa chake.

Watu hawa walikuwa na imani moja, kwamba koloni moja peke yake ni dogo mno kujitawala, bali yote kumi pamoja yaweza. Manley akawa kiongozi wa chama kipya. Lakini itazamwe namna kilivyojengwa. Kilikuwa muungano wa vyama, si chama cha watu. Mpiga kura wa Kingston alikuwa mtu wa PNP ya Manley. Wa Bridgetown alikuwa mtu wa Adams. Wa Port of Spain alikuwa mtu wa Williams. Jina la Shirikisho lilikaa juu ya vyama hivyo kama paa lililoezekwa juu ya nyumba nyingi zisizo na ukuta wa pamoja.

Shirikisho lenyewe lilianza tarehe 3 Januari 1958, na uchaguzi wake ukafanywa tarehe 25 Machi. Bunge lilikuwa na viti 45: Jamaica 17, Trinidad na Tobago 10, Barbados 5, visiwa vilivyosalia viwili viwili, ila Montserrat kimoja tu. Upinzani uliongozwa na Alexander Bustamante wa Jamaica, na chama chake nacho kilijiita cha Leba, kwa kuongeza neno Kidemokrasia. Katika visiwa hivyo hapakuwa na mwanasiasa aliyethubutu kuomba kura bila ya kumtaja mfanyakazi. Chama cha Manley kilishinda, lakini kwa ushindi wa ajabu. Katika Jamaica na Trinidad, visiwa viwili vyenye watu wengi na mali nyingi, viti vingi vilichukuliwa na wapinzani. Serikali ilipatikana kwa msaada wa Barbados na visiwa vidogo.

Hata hivyo jeraha kubwa lilikuwa jingine. Manley hakugombea kiti, wala Williams. Kila mmoja alibaki kwao kuongoza serikali ya kisiwa. Uwaziri mkuu akapewa Adams, aliyeacha madaraka ya Barbados akahamia Port of Spain. Wako wanaomlaumu Manley kwa choyo, lakini hukumu hiyo ni nyepesi mno. Bustamante, ambaye alikuwa binamu yake, alikuwa akingoja mlangoni. Manley angeondoka, huenda Jamaica ingemwangukia mpinzani wa chama chake. Alichagua kulinda kiini na kuliacha ganda, ila ganda lenyewe ndilo alilokuwa amewaahidi watu kuwa taifa. Watu nao wakajifunza upesi mahali lilipo fungu la nguvu.

Kwa hiyo Adams alivikwa kilemba cha ukoka. Katiba iliizuia serikali yake kutoza kodi ya mapato kwa miaka mitano ya kwanza, ikaishi kwa michango ya visiwa. Mwezi wa Oktoba 1958 alisema kwamba muda huo ukiisha Shirikisho laweza kutoza kodi na kuihesabu tangu nyuma. Jamaica ikachafuka. Manley na Williams nao, ingawa walikuwa wa chama kimoja, walivuta kamba pande mbili: Trinidad ilitaka serikali ya kati yenye nguvu, lakini iliogopa wahamiaji kutoka visiwa maskini, Jamaica ilitaka serikali ya kati iliyo nyepesi, isije ikagusa viwanda vyake vichanga. Chama hakikuwa na kikao chenye uwezo wa kumwamuru mmoja wao.

Mwishoni mwa Mei 1960 Bustamante aligeuka akalikana Shirikisho. Manley, mtu wa sheria na wa heshima, alijibu kwa kuwaahidi watu wa Jamaica kura ya maoni. Katika mazungumzo ya mwaka wa 1961 aliipatia Jamaica karibu nusu ya viti vya bunge, akaamini kwamba atashinda. Tarehe 19 Septemba 1961 wapiga kura zaidi ya 256,000 walilikataa Shirikisho, na wapata 217,000 walilikubali. Mji wa Kingston ulikubali, mashamba yalikataa. Wahenga husema kamba hukatikia pabovu. Hii ilikatikia palipokuwa panene.

Williams alitoa hesabu yake mashuhuri: katika kumi ukitoa moja, hubaki sifuri. Januari 1962 PNM ikaamua kwamba Trinidad nayo itatoka. Hakuna mkutano mkuu uliokivunja Chama cha Leba cha Shirikisho. Kilikosa tu bunge la kugombea. Shirikisho lilivunjwa tarehe 31 Mei 1962, siku ile ile iliyokuwa imewekwa kuwa ya uhuru wake. Adams alirudi Barbados akakuta chama chake kimekwisha ondolewa serikalini katika uchaguzi wa Desemba 1961. Manley alishindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962, na tarehe 6 Agosti, Jamaica ilipopata uhuru wake peke yake, waziri mkuu aliyeupokea alikuwa Bustamante.